Mashimba na Nchi ya Chini ya Kisima

Kila jioni, baada ya kuchuma pamba mpaka mgongo unagoma kunyooka, Esteria alijitupa mkekani. Baba yake, Mashimba, alichoka zaidi, lakini yeye alikuwa na dawa yake: alijibanza nyuma ya ghala akasoma vitabu vya watoto. Vilikuwa vitano, vyote vya nchi iliyo chini ya kisima, ambako samaki huchunga ng'ombe. Utotoni alisoma cha kwanza tu, kisha akaachishwa shule. Sasa Esteria alimwazimia vilivyobaki shuleni, kimojakimoja.

"Watu wasijue," baba alimwonya. "Mzee mzima, habari za samaki!"

Akisikia hatua za mtu, alikichomeka kitabu ndani ya gunia la pamba.

Siku ya kuuza walipanga foleni juani mpaka midomo ikakauka. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, wakulima wengine walichanganya pamba na mchanga ili gunia liwe zito. Kwa hiyo mnunuzi, Bwana Dastan, alitumbukiza mkono katika kila gunia. Katika la Mashimba akaopoa kitabu kilichosahauliwa.

"Mzee, siku hizi mnaongeza uzito kwa masomo?"

Foleni ikaangua kicheko.

"Ni huyu mtoto," Mashimba akasema bila kumtazama Esteria. "Mzembe sana!"

"Kina muhuri wa shule. Nitampelekea mwalimu wake, asimwazime tena."

Esteria alikuwa amechoka mno hata asiweze kulia. Alikaa vumbini, akamtazama baba yake. Mashimba akavua kofia.

"Mwache mtoto. Nakisoma mimi. Nimefika pale fahali wa mfalme kambale alipoibiwa."

"Wewe?" jirani yao, mama Kwandu, akashangaa. "Na mvi hizo?"

"Na mvi hizi."

Bwana Dastan akalimwaga gunia lote. Pamba tupu, safi. Akalijaza tena, akalipima.

"Na huyo fahali, alipatikana?"

"Nitajuaje, nawe umekishika kitabu?"

Akakirudisha, akicheka.

Walirudi nyumbani wakikokota miguu.

"Nisamehe, mwanangu," Mashimba akasema. "Niliona aibu ya kusoma, nikaishia kufanya la aibu kweli. Kitabu hakimwaibishi mzee. Kumtwisha mwenzako kosa lako, hiyo ndiyo aibu. Ukikosea, sema ni wewe, hata kama watacheka."

"Walicheka sana, baba."

"Walicheka. Lakini mama Kwandu ameninong'oneza anataka kusoma kitabu cha kwanza."