Kokoto za Kwenye Kona

Treni yenyewe ingeingia kwenye soksi na nafasi ikabaki, lakini jioni ile ilipopita kwenye kona, vikombe viligongana kabatini.

Fundi Saa alishtuka. Halafu, jamani, badala ya kuogopa akafurahi.

Tangu astaafu kazi ya saa, chumba walichokuwa wakilala watoto wake alikijaza meza, na meza akaijaza reli. Si ya kuchezea, na ole wako uiite hivyo mbele yake. Alikuwa ananakili kipande cha reli ya kweli, ile ya zamani iliyolala nyuma ya mji bila treni. Kila taruma, kile kibao kinacholazwa chini ya vyuma, alilikata kwa mkono na kulipaka rangi ya mbao iliyochoshwa na jua, na kwenye maungio ya vyuma aliacha upenyo uleule waliouacha watandikaji wa reli wenyewe. Kilichomshinda ni mlio. Treni ndogo hulia kama cherehani, na hilo lilimuuma rohoni.

Sasa, ile reli ya kweli ina mahali inapopinda bila sababu. Pana jiwe kubwa pale, watandikaji wangeweza kulivunja asubuhi moja tu, lakini walilizunguka. Fundi Saa alifika na mfuko kutafuta kokoto. Zilizokuwa chini ya mataruma zilikuwa nyeusi kwa grisi, na yeye alitaka rangi ya siku reli ilipokuwa mpya. Akaliendea jiwe na nyundo.

"Baba, hilo liache," mama mmoja aliyekuwa akikata majani kando alimwambia. "Wenye reli yao walilikwepa. Wewe nani?"

"Mimi nachukua kidogo tu, mama."

Alivunja kipande, akaenda nacho nyumbani, akakitwanga, akakichekecha kwa kichujio cha chai cha mkewe, akamwaga kokoto konani na kuzigandisha kwa gundi. Na ndiyo hiyo jioni vikombe vikagongana.

"Mama watoto! Njoo usikie!"

Akaenda jikoni. Mkewe alikuwa amesimama na mwiko mkononi, sufuria inaungua, macho hayaoni, kinywa wazi, na kutoka kifuani mwake ulikuwa unatoka mlio mzito wa magurudumu ya chuma yakivuka maungio, ta-tang, ta-tang, pamoja na harufu ya grisi ya moto. Kule chumbani treni ikafika mwisho wa reli, ikasimama. Mkewe akafunga mdomo.

"Nimesinzia nimesimama," alinong'ona. "Mbona kifua kinaniuma hivi?"

Fundi Saa alijua hapo hapo kuwa ni treni yake. Tusimtetee. Kesho yake aliiendesha tena, akijidai anahakikisha. Keshokutwa hakuwa na cha kuhakikisha. Alifunga mlango, akafumba macho, akaisikiliza treni kubwa ikipita nyumbani kwake, na alipoona haya alijiambia kwamba mama watoto anasinzia tu, hasikii kitu, kesho ataacha. Kesho ikifika, mkono unaenda wenyewe kwenye swichi, na nyuma ya ukuta yule mwanamke aliyemzalia na kumvumilia anagugumia, na asubuhi mto wake una vumbi jeusi alilolikohoa, na yeye mume ndiye anayeufua mto ule kimyakimya kabla mtu hajauona, huku roho inamsuta, huku anatamani jioni ifike.

Aliyekata mzizi wa fitina ni shemeji yake, dada wa mkewe, mwanamke asiyebembeleza mtu. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, akasimama mlangoni.

"Nyumba gani hii inanuka gereji? Na ndugu yangu amebaki mifupa! Shemeji, wewe huoni?"

Akatoka, akarudi na mganga, mama mmoja mchovu mwenye miwani. Mganga alimshika mgonjwa mkono, akaongea naye kwa sauti ya chini hadi aliyejibu akawa si mgonjwa.

"Umeingiaje humu?" mganga aliuliza.

"Nimebebwa kwenye mfuko wa nailoni," ilisema sauti nzito. "Wenye nyundo kubwa walinizunguka. Huyu mwenye kinyundo amenivunja, kisha ananipitishia magurudumu mgongoni. Kila nikipitiwa, nalia."

Shemeji alikodoa macho. Fundi Saa aliangalia sakafu.

"Unataka nini?"

"Nirudishwe kwangu, punje kwa punje. Nikirudi, huyu mama namtoka."

Mganga akasema sawa. Alikuwa amechoka, hakuuliza habari za mume.

Fundi Saa aliilainisha gundi kwa maji ya moto, akang'oa reli ya konani, akakwangua kokoto kwa kisu na kucha mpaka vidole vikatoka damu. Alilia, na hakujua analilia nini, mke au kona. Wakazirudisha yeye na shemeji, wakazimwaga chini ya jiwe, wakaondoka bila kugeuka nyuma.

Waliporudi, mkewe alikuwa ameketi, anaomba chai. Kifua kilikuwa kimya. Shemeji aliangua kilio cha furaha, akamsimulia yote, akaenda kumsindikiza mganga.

Mkewe akaishika ile mikono yenye damu. "Umevunja kazi yako kwa ajili yangu," alisema. "Mungu akubariki, baba watoto. Ila niambie, uligundua lini kuwa ni ile treni?"

Uongo alikuwa nao tayari: leo, mganga aliposema. Alimtazama mkewe machoni, akafungua kinywa. Kifua kikambana. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya taratibu, na wala haikuwa yake.

"Alijua siku ya kwanza. Akarudia, na kurudia, akikusikiliza."

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mkewe alikuwa ameshaiachia.