Kiti cha Msaidizi

Saa kumi alasiri, katika barabara ya nyuma ya soko, ilisikika sauti moja tu: pampu ya Fundi Baiskeli. Fyuu, fyuu, fyuu. Fundi alijaza upepo, akapumzika, akajifuta jasho kwa mkono wa shati. Alipopumzika yeye, barabara nzima ilinyamaza.

"Mama Twiga, unasikia?" alimuuliza mkewe, aliyekuwa mlangoni akichambua maharage.

"Sisikii kitu."

"Ndicho ninachokuuliza. Ni likizo, watoto wote wako mjini, na husikii kitu!"

Mkewe alicheka, akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. Alijua wimbo unaofuata. Kila alasiri mumewe aliukumbuka utoto wake kama mtu anayekumbuka nyumba nzuri aliyohama.

Enzi zile, saa kumi ilikuwa saa ya ringi. Watoto walichukua ringi za baiskeli zilizochakaa, wakazitoa spoku, wakazisukuma kwa kijiti. Walishuka nazo mteremko hadi kwenye bomba la maji, na mlio wa ringi uliwaamsha wazee waliosinzia. Wengine waliruka kamba. Wengine walijificha nyuma ya nyumba na kuziba vicheko kwa viganja. Jua likiinama, akina mama walisimama milangoni na kuita watoto wao, mmoja baada ya mwingine. Aliyeitwa wa mwisho alijiona mfalme wa barabara.

Siku hizi hakuna aliyeitwa, kwa sababu hakuna aliyetoka.

Twiga alitokea ndani na simu ya mama yake mkononi. Alikuwa na miaka kumi na minne. Jina hilo alipewa kwa urefu wake, naye alikwisha kulizoea. Nyuma yake alikuja mdogo wake wa miaka saba, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

"Baba, nimeongea na shangazi," Twiga alisema. "Atakuja Jumamosi ya mwisho ya likizo. Amesema, mkikubali, niende nikaishi kwake. Huko mji ni mkubwa. Kuna mambo ya kufanya."

"Mambo gani?"

"Yoyote! Hapa kazi ni kulala na kuamka."

"Na kula!" Chiriku alidakia.

"Hatujasema ndiyo," alisema mama.

"Hamjasema hapana pia," Twiga alijibu, akarudi ndani.

Fundi alibaki ameishika pampu. Zilibaki wiki sita. Alimpenda dada yake na alijua angemlea vizuri binti huyo. Lakini moyo ulimwambia kwamba Twiga akiondoka sasa, hatarudi ila kama mgeni, wa kuletewa kiti na kuulizwa habari za safari.

"Nitamwonyesha kuwa mji huu una raha yake," alimwambia mkewe. "Nitamrudishia utoto wangu."

"Utoto wako?" mkewe aliuliza. "Na wake je?"

Fundi hakusikia. Alikwisha kuingia nyuma ya banda kutafuta ringi.

Alizipata kumi na mbili. Kwa siku tano alizikwangua kutu kwa msasa mpaka zikang'aa. Alitangaza sokoni, kisimani na kwenye foleni ya kusaga unga: Jumamosi saa nane mchana, watoto wote waje kwenye uwanja wa maktaba.

Walikuja zaidi ya arobaini. Fundi alifurahi mno, na hapo ndipo alipoharibu. Alipuliza filimbi. Aliwapanga mstari kwa urefu, kisha akaanza kuzungumza.

"Sisi wakati wetu hatukuwa na simu! Sisi tulicheza! Sisi tuliheshimu wakubwa!"

Alizungumza nusu saa kwenye jua kali. Watoto wadogo walianza kulia kiu, na maji hayakuwapo. Kisha aliwakimbiza wote pamoja, wa miaka mitano na wa miaka kumi na sita, katika mbio moja. Kijana mmoja mkubwa alimgonga msichana mdogo bila kukusudia. Msichana akaanguka na kuchubuka goti.

Wavulana na wasichana wakubwa walijitenga ukutani, mikono kifuani. Fundi aliona mambo yanamponyoka, akamwita binti yake.

"Twiga! Njoo uwaonyeshe wenzako! Usione haya mwanangu, hata mimi rika lako nilikuwa mrefu kama mlingoti!"

"Mlingoti!" kijana mmoja alipaza sauti. "Jamani, Twiga kapandishwa cheo!"

Kicheko kilipasuka ukutani. Twiga alimtazama baba yake mara moja, akageuka, akaenda zake. Rafiki zake wakamfuata. Saa kumi ilipofika, uwanjani walibaki Chiriku, yule msichana wa goti na ringi kumi na mbili chini.

Kutoka maktaba alikuja mwanamke kijana amebeba beseni la maji safi na kitambaa. Huyu ndiye aliyesimamia maktaba ile, na watu walimwita Dada Mkutubi. Alimwosha msichana goti kwa maji na sabuni, akalifunga taratibu, huku Chiriku akimweleza mgonjwa kuwa hatakufa.

"Pole, Fundi," alisema.

"Watoto wa siku hizi, dada yangu, hawataki kucheza."

"Mteja akikuletea baiskeli, unaanza na nini?"

"Namuuliza ina tatizo gani."

"Kisha?"

"Naipindua. Nazungusha gurudumu, nasikiliza."

"Na hawa uliwauliza nini kabla ya kupuliza filimbi?"

Fundi alikuna kichwa. Kisha akajitetea, kama watu wanavyofanya wakishikwa. "Dada, usinikasirikie, lakini wewe huna hata mtoto."

"Sina wangu," Dada Mkutubi alicheka. "Ila kila siku ninao thelathini wa kwenu. Wakinyeshewa wanakimbilia kwangu. Kaa, nikueleze."

Walikaa kwenye ngazi. Dada Mkutubi alizungumza polepole, akihesabu kwa vidole vyenye vumbi la chaki.

"Mtoto wa miaka sita na kijana wa miaka kumi na tano hawachezi mchezo mmoja. Mdogo anataka kukimbia na kusimuliwa. Mkubwa hataki kuchezeshwa. Anataka kazi ya kweli, na mtu wa kumwamini nayo. Ukimpa, atakuja mwenyewe. Ukimpanga mstari, atakimbia."

"Hilo nimeliona."

"Jingine ni usalama. Pawe na kivuli, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza. Wawepo watu wazima wawili au zaidi, mahali pa wazi panapoonekana na wote. Mzazi ajue mwanawe yuko wapi, yuko na nani, na atarudi saa ngapi. Na wazazi wasikae pembeni kama mahakimu. Wacheze."

"Na hotuba?"

"Hotuba, Fundi, iwe fupi kuliko mchezo."

Jumatatu waliweka sanduku la karatasi juu ya meza ya maktaba, na kipande cha karatasi kando: *Ungependa tufanye nini Jumamosi? Usiandike jina.* Baada ya wiki moja, Fundi, mkewe na Dada Mkutubi walilifungua.

"'Ringi ni nzuri, ila Fundi apunguze maneno,'" mkewe alisoma, akaanza kucheka.

"Soma nyingine," alisema Fundi.

"'Nataka mama aruke kamba.' Huyu ni Chiriku, hata bila jina. 'Nataka mahali pa kukaa na rafiki zangu bila kufukuzwa.' 'Nataka hadithi, lakini isiwe na mafunzo.'"

Walicheka wote. Fundi naye alichomoa kikaratasi, akakisoma kimoyomoyo. Kicheko kikamkauka. Mwandiko aliujua. Aliusahihisha yeye mwenyewe, miaka ile ya darasa la kwanza, akimshika mkono mwandishi.

*Nataka kujua baiskeli inavyofunguliwa na kurudishwa. Nimekua kando ya baiskeli, lakini sijawahi kuruhusiwa kushika spana.*

Alikumbuka. Twiga alikuwa na miaka tisa. Aliokota spana, akaitazama kama kitu cha dhahabu. Fundi alimnyang'anya kwa upole. "Utachafua gauni, mama. Nenda ukacheze." Alirudi mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne hakurudi.

Akakumbuka na jambo jingine, ambalo katika hadithi zake zote za saa kumi hakuwahi kulisimulia. Baada ya ringi, kabla ya giza, baba yake alikuwa akimwita bandani. Alimwekea spana ndogo kiganjani na kumwambia, "Shika hapa, nisaidie." Hakuwa msaada wowote, alikuwa mtoto. Lakini usiku alilala akiinusa grisi mikononi mwake, akijiona mtu mkubwa. Utoto wake aliukumbuka nusu. Nusu aliyoisahau ndiyo binti yake aliyokuwa akiiomba.

Kesho yake asubuhi, Twiga alipopita bandani, aliona vigoda viwili badala ya kimoja. Kati yake palikuwa na baiskeli iliyopinduliwa.

"Kiti hicho cha nani?" aliuliza, akitazama pembeni.

"Cha msaidizi."

"Msaidizi gani?"

"Sijampata bado. Natafuta mwenye mikono mirefu."

Twiga alisimama. Alitazama gauni lake, akatazama mafuta sakafuni. "Nitachafuka."

"Utachafuka sana," alisema baba yake. "Kumbe kuchafuka ndiyo kazi yenyewe, na mimi nilichelewa kukwambia. Na ile siku ya uwanjani nilikuaibisha. Nisamehe, mwanangu."

Twiga alivuta kigoda, akaketi, akanyoosha mkono. Fundi alimpa spana.

Hilo ndilo lililokuwa jepesi. Gumu lilikuwa kunyamaza. Twiga alipojaribu kufungua nati kwa kuizungusha upande usio wake, Fundi aling'ata mdomo. Mkewe alimwonyesha ishara kutoka mlangoni: nyamaza. Akanyamaza. Twiga aligundua mwenyewe. Alitoa tyubu, akaijaza upepo kidogo, akaizamisha kwenye beseni la maji. Viputo vikapanda.

"Hapa! Baba, inapumulia hapa!"

"Kausha, kwangua kwa msasa, paka gundi. Sasa ngoja."

"Ningoje nini?"

"Gundi ikauke kidogo kabla ya kiraka. Mwenye haraka hufanya kazi moja mara mbili."

"Wewe kwenye ringi ulingoja?"

Fundi alicheka hadi akashika mbavu.

Jumamosi iliyofuata, uwanja wa maktaba ulibadilika. Chini ya paa la baraza, Dada Mkutubi aliwasimulia wadogo hadithi, na haikuwa na mafunzo. Upande wenye kivuli, watoto wa rika la kati walisukuma ringi kwa zamu, wakifuata sheria tatu walizotunga wenyewe. Mama Twiga na jirani zake walijifunga kanga viunoni na kuruka kamba, wakapitwa na watoto, wakadai marudio. Wakubwa walipewa meza mbili, spana, na baiskeli mbovu ambazo watu wa mji walizileta kutoka mabandani. Hakuna aliyewapanga mstari. Walisimama wenyewe kuizunguka kazi.

Mwanzoni walikuja wanane. Wiki iliyofuata walikuwa kumi na watano, na yule kijana aliyepiga kelele za mlingoti alikuwa wa kwanza kufika. Twiga alimpa mnyororo uliojaa kutu.

"Sugua huo, mheshimiwa. Ukimaliza, nitakupandisha cheo."

Kila zilipotengenezwa baiskeli tatu, walifunga safari fupi hadi darajani na kurudi. Mtu mzima mmoja alitangulia, mwingine alifunga msafara, na saa kumi na moja kamili kila mtoto alikuwa kwao.

Fundi alisimama kando siku moja, akasikiliza. Mlio wa ringi ulikuwa uleule wa zamani. Sauti zilizouzunguka zilikuwa ngeni, na alishangaa kwamba hilo halikumuumiza.

Jumamosi ya mwisho ya likizo, shangazi alifika saa tisa. Alikuta nyumba imefungwa. Jirani alimwelekeza uwanjani. Alipita katikati ya kamba na ringi, akiwa amevaa viatu vya safari, mpaka akamwona kaka yake. Salamu zilikuwa fupi.

"Yuko wapi mwanangu?"

Fundi alionyesha kwa kidevu. Wiki zote hizo hakumuuliza Twiga neno moja kuhusu safari. Mkewe ndiye aliyemshauri: usimuulize, mpe nafasi ajue mwenyewe.

Twiga aliinuka kutoka kwenye gurudumu, uso una doa jeusi, watoto wanne wamemzunguka.

"Shikamoo shangazi! Nishike kiwiko tu, mikono ina grisi."

"Marahaba, mwanangu," shangazi alisema, akakishika kiwiko, huku akimtazama juu hadi chini. "Umekuwaje hivi? Haya, kanawe. Gari linaondoka saa kumi na moja."

Twiga alitazama meza. Akawatazama watoto wake wanne, mmoja amemshika pindo, mwingine ameshika pampu. Kisha akamtazama baba yake. Fundi aliinama haraka, akaanza kutafuta chini nati ambayo haikupotea.

"Shangazi, usinikasirikie," Twiga alisema. "Hawa wanne ndio kwanza wameanza breki. Nikiwaacha leo watagonga ukuta kesho. Likizo ijayo nitakuja kwako kutembea. Kutembea, siyo kuhamia."

"Na nilikwisha kukutandikia kitanda!"

"Usikitandue. Nitakilalia wiki mbili."

Shangazi aliguna. Akawatazama wanawake wenzake wakiruka kamba na kuanguka kwa vicheko. Akatazama saa yake.

"Mpaka saa kumi na moja," alisema, akiinama kuvua viatu, "mtu atakaa tu hapa akitazama?"

"Shangazi anaruka!" Chiriku alipiga ukelele. "Jamani, njooni muone, shangazi anaruka!"

Nyuma ya meza, Fundi alikuwa bado ameinama. Twiga alichuchumaa kando yake.

"Baba, unatafuta nini?"

"Sijui," alisema Fundi, akijifuta macho kwa mkono wa shati. "Nisaidie."