Wifi Aliniitia Mkaguzi wa Nyama

Aliyemwita mkaguzi wa nyama ni wifi yangu.

Dada wa mume wangu. Mtu anayelala chumba cha pili, tunakula sahani moja... ndiye aliyenimwagia mtu wa serikali Jumamosi mchana, meza saba zimejaa na nyama iko motoni.

Kwa wasionijua: mimi nachoma nguruwe. Nafuga nyuma ya nyumba, nachinja mwenyewe, nachoma mbele. Ukitaka kujua nani kaachika na nani kaazima suti ya harusi, kaa kwangu dakika kumi tu. Wifi kazi yake ilikuwa bandani. Yeye na nguruwe, mimi na watu.

Mkaguzi hakuwa na maneno mengi. Aliuliza mhuri wa nyama uko wapi. Nikacheka, nikamwambia akae kwanza apoze koo na soda.

Hakukaa.

Akauendea mzoga uliokuwa unaning'inia, akapasua paja kwa kisu chake, akaupanua mkato kwa vidole viwili.

Ndani kulikuwa na vijivimbe vyeupe. Vidogo, kama punje za mchele, vimejaa katikati ya nyama.

Kinyozi wa jirani, mteja wangu wa kila Jumamosi, alikuwa na kipande mdomoni. Alikitoa, akakitazama, akakirudisha kwenye sahani polepole, kama anarudisha mtoto wa watu.

Jamani... mafuta yalikuwa yanadondoka kwenye makaa, na tuliyasikia wote.

Mkaguzi akasema hao ni tegu wachanga, minyoo wa nguruwe. Akaagiza nyama yote ishuke motoni, kisha akaelekea bandani.

Huko ndiko nilikomjua mbaya wangu. Wifi alimlaza nguruwe jike mmoja bila kuambiwa, akamtia kijiti mdomoni, akamvuta ulimi kwa kitambaa ili mkaguzi apapase chini yake. Ni kama walishapangana.

Nikakumbuka. Wiki mbili nyuma alinifuata jikoni akaniambia amegusa uvimbe chini ya ulimi wa jike huyohuyo. Nikamjibu kwamba moto unamaliza kila kitu, na mdomo afunge.

"Ni wewe umemwita?"

"Ni mimi, wifi."

"Mbele ya wateja wangu?"

"Nilikuja kwako peke yako kwanza. Hukunisikiliza."

Kati ya nguruwe tisa, watano walikuwa na uvimbe. Hao watano wakauawa, wakamwagiwa mafuta ya taa pamoja na ule mzoga, wakachomwa, wakafukiwa. Biashara ikafungwa mpaka nitakapoambiwa vinginevyo.

Halafu mkaguzi akasimama nyuma ya choo chetu. Ukuta ulibomoka mvua zilipozidi, na nguruwe wakifunguliwa asubuhi walikuwa wanapenya mle. Mimi nilijua. Nilikuwa nasema nitajenga mwezi ujao.

Akauliza wanaotumia choo kile ni nani. Nikamwambia ni mimi, mume wangu na wifi, maana wateja wana chao upande wa mbele.

"Basi mmoja wenu ana tegu tumboni," akasema. "Mayai yake yanatoka na choo, nguruwe anakula choo. Jumatatu mkapime wote watatu."

Nitasema ukweli: nilifurahi.

Mtazame wifi. Anakula kama fundi wa zege, mwili kama fimbo ya ufagio. Unahitaji kipimo gani tena? Nikachukua simu, nikarekodi ujumbe wa sauti wa dakika sita, nikautupa kwenye kundi la mtaa. Nikaeleza kwamba wifi ndiye mwenye minyoo, ndiye aliyewaua nguruwe wangu, na mkaguzi kamwita ili aonekane msafi.

Ndani ya saa moja, wanawake bombani walikuwa wanawavuta watoto wao akipita na ndoo.

Mume wangu akaniuliza nina uhakika gani. Nikamwambia achague, dada au mke. Akainamisha kichwa tu.

Wifi akafunga nguo zake ndani ya shuka. Anakwenda kwa shangazi yao. Hakunijibu hata tusi moja, na nilimrushia mengi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Jumatatu usiache kwenda, wifi. Tafadhali."

Nikamwambia aende na minyoo yake.

Jumatatu tukapeleka vikopo vyetu vya choo zahanati, kila mtu kwa wakati wake. Jumatano nikaenda kuchukua majibu nikiwa nimevaa vizuri kabisa, maana nilitaka kutoka na ushahidi.

Muuguzi akasoma karatasi. Mume wangu hana. Wifi yangu hana.

Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Mama, ni wewe."

Nikabisha. Nikasema vikopo vimechanganywa. Akaniacha nimalize, halafu akaniuliza nikichoma najuaje kama nyama imeiva.

Nikasema naonja.

"Na ikiwa bado nyekundu ndani?"

Miaka kumi na moja nakata kipande, naonja, narudisha nyama motoni. Wateja wanakula iliyoiva. Mbichi nilikuwa nakula mimi.

Nikadhani yameisha. Akaniambia mayai ya tegu yakibaki mikononi yanaweza kumwingia mtu mwingine kwa chakula, wadudu wakatuama kwenye ubongo, mtu akaanza kuanguka kifafa. Akauliza kama kuna kitu nakatakata ambacho hakipiti motoni.

Nyanya na vitunguu. Meza saba. Kwa mikono hii.

Nilikwenda kwa shangazi moja kwa moja. Nilimkuta wifi anasugua sufuria. Nikamwonyesha karatasi, naye wala hakuisoma.

"Ulijua?"

Akasema alikuwa akiingia chooni baada yangu anaona vipande vyeupe, bapa, kama utepe uliokatwa. Aliviona hata kabla ya uvimbe wa jike.

"Sasa kwa nini ulikubali nikutukane? Ungesema tu."

"Ningesema, mtaa mzima ungejua, na wewe unaujua mtaa wetu." Akaiweka sufuria chini. "Nilitaka mkaguzi aseme ya nguruwe hadharani, na ya kwako uambiwe mlango ukiwa umefungwa."

Nikakosa pa kuuweka uso.

Vidonge nimekunywa. Ukuta wa choo umesimama, nguruwe waliobaki hawatoki bandani. Wifi hajarudi. Simu yangu anapokea, na leo sidai zaidi ya hapo.

Ndiyo maana naandika hapahapa, kwenye kundi lilelile. Ule ujumbe wa dakika sita ulikuwa uongo. Mwenye tegu nilikuwa mimi.

Funzo langu ni hili: usimnyooshee mtu kidole kabla hujapima choo chako. Na nyama nyekundu usiionje, hata kama wewe ndiye mpishi.

Wewe uliyekula nyanya zangu, nenda kapime. Usiogope kuulizwa maswali. Yule muuguzi anafunga mlango.