Goti la Kwanza

Upande wa pili wa godoro la Moradeke ulikuwa umelowa tena, na safari hii ulikuwa na umbo. Mabega mapana, kiuno, na miguu mirefu iliyopitiliza hadi ukingoni.

Mama yake alisimama mlangoni, mikono yote miwili ya buluu hadi viwikoni kama watia rangi nguo wote wa mtaa wa Itoku, akalitazama umbo lile jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi wakati wa chakula.

"Moradeke, umri huu unakojoa kitandani?"

"Nusa, Mama."

Mama Moradeke akanusa. Ilikuwa harufu ya tope la kijitoni, ya majani yaliyooza chini ya jiwe, na kwa mbali, ya samaki. Akatamani ungekuwa mkojo.

"Amesemaje?" akauliza kwa sauti ndogo, yeye ambaye akipiga chafya kuku wa mtaa wa pili hukimbia.

"Amesema Muyiwa ana miguu mifupi. Amesema kumvuta hakutachukua muda."

Chini ya kitanda tone la maji lilidondoka sakafuni. Halafu jingine.

Bwana huyu hakuwa mgeni kwao. Kuna wasichana pale Abeokuta ambao walishaolewa huko walikotoka kabla ya kuzaliwa, na mume wa kijini waliyemwacha upande ule hataki kusikia habari ya talaka. Mchumba wa kwanza wa Moradeke, mpima ardhi mwenye suti, alisimama siku ya kujitambulisha atoe salamu, akakohoa, akatema konokono hai mbele ya wazee. Viazi vikuu vya kutwanga havikulika tena siku ile. Huyo alikimbia, na ndiye mwenye bahati. Wa pili alikutwa kitandani kwake katika msimu wa vumbi, visima vyenyewe vimekauka: shuka kavu, nywele kavu, mapafu yamejaa maji. Sasa ilikuwa zamu ya Muyiwa, fundi wa majokofu, mcheshi, miguu mifupi kweli, na harusi ilikuwa Jumamosi.

"Nataka kuolewa, Mama," Moradeke alisema. "Na sitaki mwingine afe kwa ajili yangu."

Wakaenda kwa Mzee Fatunbi.

Mganga huyu hakutisha hata kidogo. Alikuwa na kitambi cha kuegemezea kinu, na alitwanga huku akisikiliza mpira redioni na kumtukana golikipa. Lakini alipofika kwenye majani alizima redio. Kila jani alilinong'onezea jina lake la siri kabla ya kulitia kinuni, ili liamke, na Mama Moradeke angeapa kwamba jani moja lilijikunja kama mtu aliyeguswa usingizini. Akachanganya na magome, mizizi na sabuni nyeusi, akafinyanga donge moja.

"Utaoga kwenye maji yanayotembea," akamwambia Moradeke. "Dodoki liache liende nayo, usiligeukie. Vaa nguo nyeupe, rudi kwa miguu mchana kweupe. Na usimpigie mtu goti mpaka uvuke kizingiti cha kwenu."

"Mtu gani?" mama akadakia.

"Yeyote. Hata mfalme akipita. Hata mimi. Bibi harusi humpigia nani goti? Mumewe. Dawa hii inafuta goti la zamani, na goti la kwanza baada yake ndilo ndoa. Atalitaka hilo goti kuliko kitu chochote. Kumgusa binti yako hataweza, kwa hiyo atatafuta mtu wa kumgusa kwa niaba yake." Mzee akamgeukia mama. "Utaweza?"

"Mimi? Kwani naoga mimi?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Mama Moradeke akacheka mpaka kilemba kikalegea. Mzee Fatunbi hakucheka. Alijua, kama Itoku nzima ilivyojua, kwamba mwanamke huyu hakuwa na dhahabu wala gari. Alikuwa na magoti ya binti yake. Watoto wa wenzake wakisalimia wakubwa waliinama kidogo kama wanaookota sindano. Moradeke alishuka chini kabisa, magoti yote mawili, macho yakitazama ardhi, na wazee walikuwa wakizunguka njia makusudi wapite mlangoni pale wasalimiwe. Siri ya ufundi huo ilikuwa kokoto. Akiwa mdogo, salamu moja akiisahau, alipigishwa magoti juu ya kokoto mpaka nguo zikauke kambani, na mama yake akimwambia kwa upole, "Siku moja utanishukuru."

Siku ya dawa jua lilisimama utosini. Mama Moradeke alikuwa uani mbele ya nyumba, anakoroga vyungu vya nili, mlango ameuacha wazi. Akamwona binti yake akija kutoka kijitoni, amejifunga shuka jeupe, maji yakimchuruzika, shingo imenyooka kama amebeba yai kichwani.

Jirani yao Mama Sikira alikuwa kwenye kigoda chake. Moradeke akampita.

"Nimekuwa mti?" Mama Sikira akauliza hewani. "Mama Moradeke, mwanao ameshaolewa moyoni, hatuoni tena. Au magoti mmeyauza?"

Mama Moradeke akauma ulimi. Kila mwanamke aliyekuwa mtaani aliokota neno akamrushia msichana mgongoni, na kila neno lilitua kifuani kwa mama. Vumilia, akajiambia. Vyungu, halafu benchi, halafu kizingiti.

Na kwenye benchi, hatua moja kutoka mlangoni, alikuwa ameketi Mama Muyiwa, mama wa mchumba.

Alifika lini? Leso, mkufu wa shanga, kilemba kikubwa kama paa la msikiti. Pindo la nguo yake lilikuwa limelowa, lakini nani aliwahi kukaa uani kwa watia rangi akatoka mkavu? Palikuwa na harufu ya tope, lakini vyungu vya nili vyenyewe hunuka vibaya kuliko tope.

"Nimekuja kumtazama mke wetu," akasema taratibu.

Moradeke alisimama ghafla. Alimtazama yule mwanamke, akamtazama mama yake, akatikisa kichwa polepole, midomo imekuwa ya kijivu.

"Haniamkii?" akauliza mgeni.

"Mama," Moradeke akanong'ona, "hatua moja tu. Niache nipite."

"Nilisikia habari za mtoto huyu mpaka kwetu," mgeni akaendelea, bila kupandisha sauti, huku Mama Sikira kule kwenye kigoda akinyoosha shingo. "Kumbe ni maneno ya sokoni. Mama hajui kulea. Jumamosi nisisumbue watu wangu kupika, eti?"

Mama hajui kulea. Neno hilo lilimwingia Mama Moradeke kama maji ya moto, na ndani ya moto huo aliona harusi imevunjika, aliona mtaa mzima ukicheka, aliona kokoto zote zile na machozi yote yale yamekwenda bure, na kabla akili haijaikamata mikono yake, mikono ilikuwa imeshafika mabegani kwa binti, imemkandamiza, na binti, ambaye tangu utotoni mwili wake ulijua kufanya jambo moja tu chini ya mikono ile, akashuka, magoti yote mawili, chini kabisa, macho yakitazama ardhi.

 Kulikuwa na kitu kikidondoka, tone, tone, kutoka kwenye lile pindo, na chini ya pindo Mama Moradeke akaona nyayo: ndefu, za kiume, zimejikunja ngozi kama za maiti iliyolala majini.

"Asante, mkwe wangu," sauti ikasema, nayo haikuwa ya mwanamke. "Umelea vizuri."

"Mwenzangu," Mama Sikira akaita kutoka kule, "mbona unampigisha mtoto magoti mbele ya benchi tupu?"

Moradeke aliinuka. Uso wake ulikuwa mtulivu, kama wa mtu aliyepumzishwa kazi. Akakipa kizingiti mgongo, akaanza kurudi alikotoka. Alipomfikia Mama Sikira alimpigia goti, akasalimia. Akampigia goti muuza mahindi. Akampigia goti kila mzee, mmoja mmoja, hadi mwisho wa mtaa, na nyuma yake watu walifurahi na kusema ndiyo, huyu ndiye tunayemjua, na mabegani, juu ya shuka jeupe, alama mbili za buluu za viganja vya mama yake zilizidi kuwa ndogo.

Mama yake alikuja kupata miguu ya kukimbia baadaye sana. Kijitoni alikuta shuka limekunjwa vizuri juu ya jiwe, alama za viganja zikiwa juu, na maji yametulia.

Mama Sikira alifika nyuma yake akihema.

"Lakini alinisalimia, bibi wee," akasema. "Mpaka chini kabisa."