Sentensi Kumi za Dada Pasi

Jumamosi asubuhi kwa dobi hakuna anayetafuta mchumba. Kila mtu anatafuta nguo yake. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango, mashine tatu zikinguruma kwa pamoja, na harufu ya sabuni na mvuke ilikuwa imefika hadi kwa jirani anayeuza miwani. Siku hiyo karani wa kaunta aliamka na homa. Bosi, mama mnene mwenye haraka zake, alivuta pazia la chumba cha nyuma na kumwita mpiga pasi.

"Dada Pasi! Njoo ukae mbele leo."

"Mimi, bosi?"

"Kuna Dada Pasi mwingine humu?"

Alikuwa na miaka ishirini na saba, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani na aproni iliyoungua kidogo kwenye mfuko. Miaka mitano aliishi nyuma ya pazia lile, na katika mtaa mzima hakuna aliyeweza kunyoosha kola kama yeye. Watu ndio hakuwazoea. Wa nne kwenye foleni alikuwa mgeni kutoka hoteli ya jirani, ameshika koti jeupe lenye doa, akimwaga Kiingereza bila kupumua. Dada Pasi alikuwa na maneno matatu ya Kiingereza. Aliyatoa yote kwa mpigo.

"Anauliza kama doa la mvinyo litatoka," sauti ilisema nyuma ya mgeni, "na wewe umemjibu ndiyo, hapana, kesho."

Foleni iliangua kicheko. Dada Pasi alimtazama mwenye sauti: mrefu, miwani ya fremu nyeusi, shati la buluu lililofuliwa vizuri na kupigwa pasi vibaya, kifungo kimoja cha mkononi hakipo.

"Si nimemjibu yote?" alisema. "Achague mwenyewe."

Kicheko kikahamia upande wake. Yule bwana alimtafsiria mgeni, doa likaandikwa kwenye tiketi, foleni ikasogea. Zamu yake ilipofika aliweka mashati matano juu ya kaunta.

"Wewe unafundisha au unajionyesha tu?" Dada Pasi alimuuliza huku akihesabu mashati.

"Nafundisha. Kujionyesha nafanya bure."

"Kiingereza kilinishinda shuleni."

"Hakikukushinda. Walikufundisha majina ya vitu. Mtu haendi mbali na majina, anaenda na vitenzi. Njoo Jumanne saa kumi, juu ya duka la matairi. Ukichoka, ondoka."

Alikwenda. Sababu aliyompa dada yake ni kwamba bosi anataka karani anayejua Kiingereza. Hiyo ilikuwa kweli. Dada yake, ambaye alishaolewa lakini hakai siku mbili bila kuja kwa mama yao, aliuliza tu kwa nini vitenzi vinahitaji wanja.

Darasa lilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi manne, joto na harufu ya mpira mpya. Wanafunzi kumi na wanne: fundi matairi wa chini, dereva wa teksi, wauguzi wawili, wapishi wa hoteli. Wote walimwita Ticha. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: vitenzi kumi kwa wiki, kila kitenzi na misemo yake ya mtaani.

"Dada Pasi, wewe kazini unapiga nini?"

"Pasi."

"Imekukosea nini hiyo pasi?"

Darasa likacheka.

"Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, tunapiga soga. Mgeni akitusikia atadhani tunashinda tukigombana. Na Waingereza wana get yao. Kwa get hiyo hiyo mtu anapanda basi, anaugua, anazeeka, anaoa, na akibahatika anaelewa. Usiulize maana yake. Uliza inatembea na nani."

Sheria nyingine aliyoipenda ilikuwa hii: sentensi za darasani si lazima ziwe za kweli. Danganyeni mnavyotaka, alisema, mradi kitenzi kikae mahali pake. Kwa hiyo kufikia mwezi wa pili fundi matairi alikuwa ameshanunua ndege tatu, na muuguzi mmoja alikuwa mjane mara mbili wakati mume wake humngojea ngazini kila siku.

Kisha zikaja simu. Kila siku saa moja jioni, dakika tatu kwa Kiingereza, ndio mazoezi. Dakika tatu zikiisha wanahamia Kiswahili, na Kiswahili hakikuwa na dakika.

"Umekula, Ticha?"

"Sema kwa Kiingereza."

"Dakika zimeisha. Na nakusikia unatafuna, kwa hiyo nimeshajijibu."

"Unaniuliza kama mke wangu."

"Unaye?"

"Sina."

"Basi umejuaje anavyouliza?"

Ticha alicheka, akakohoa, akauliza habari za mashine mpya ya kukaushia. Alikuwa hodari wa kukimbia namna hiyo. Mara nyingine alimwita "mpenzi" katikati ya maongezi, halafu akaongeza haraka kwamba huo ni mfano. Dada Pasi aliipokea mifano hiyo mmoja mmoja na kulala nayo. Mashati ya Ticha aliyapiga pasi mara mbili, kwanza kwa ajili ya dobi, kisha kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa amempenda, na hakuna aliyekuwa hajui pale kazini, hata bosi ambaye kwa kawaida huona nguo tu.

Wiki ya kumi na moja Ticha alitoa vitenzi vyake: get, take, give, keep, make, break na vingine vinne. Sentensi kumi, ziletwe Alhamisi. Dada Pasi alikaa mezani kwa mama yake mchana mzima wa mapumziko, kamusi upande huu, chai ikipoa upande ule. Kwa kila kitenzi aliandika jambo la kweli. Aliandika kwamba hupata usingizi baada ya kuisikia sauti yake. Kwamba anamfanya acheke akiwa na pasi ya moto mkononi, jambo ambalo ni hatari kazini. Kwamba kile kifungo kilichodondoka alikikuta mfukoni mwa shati lake la buluu, na anakitunza. Kwamba siku moyo wake ukivunjika, Ticha mwenyewe atajua, maana kola zitarudi na mikunjo. Ya kumi ilikuwa fupi: ampe jibu, asimpe mfano.

Kwa Kiswahili asingethubutu. Kwa Kiingereza maneno yale yalikuwa kama nguo ya mtu mwingine, na alijikuta anayaweza.

Alhamisi Ticha alikusanya madaftari na, kama kawaida yake, akasahihisha hapo hapo wakati wanafunzi wakinakili ubao. Alipofika kwenye daftari la jalada la njano, la Dada Pasi, aliacha kutikisa mguu. Alisoma, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Dada Pasi aliyaona yote.

Kisha Ticha akasimama.

"Sikilizeni kazi nzuri hii," alisema, na akaisoma kwa sauti, sentensi zote kumi, huku akieleza mahali pa kila kitenzi. Jina hakulitaja. Lakini alipofika kwenye pasi ya moto, hakukuwa na haja. Fundi matairi alipiga mluzi. Wapishi waliegemeana kwa kicheko. Muuguzi mmoja tu alibaki anatazama meza.

"Kosa moja, alama ya kituo imesahaulika," Ticha alimaliza. Sauti yake ilikuwa kavu. "Tisa kwa kumi."

Akamrudishia daftari. Wino mwekundu ulikuwa bado mbichi.

Hakulia pale. Alishuka ngazi, akapita kwenye matairi, na machozi yakamtoka mbele ya duka la miwani. Simu ya saa moja ilipoita siku hiyo hakuipokea. Kesho yake pia. Ticha akatuma ujumbe: "Kulikoni? Umekosa simu mbili." Aliusoma mara moja akaigeuza simu kifudifudi.

"Mwambie ukweli," dada yake alimshauri.

"Nilimwambia. Akaupa maksi."

Wiki ile ile bosi alitangaza kwamba anafungua tawi mji wa pili, mwendo wa saa tano kwa basi, ndani ya hoteli. Alitaka mtu wa kaunta. Mwezi mmoja nyuma Dada Pasi angejificha nyuma ya pazia. Sasa alinyoosha mkono. Bosi alimjaribu kwa kumwita mgeni mmoja aliyekuja kuchukua suruali. Waliongea dakika kumi, mgeni akaondoka anacheka, na bosi akatoa karatasi za mkataba bila kuuliza zaidi. Safari ilikuwa Jumatatu.

Jumapili saa nne asubuhi hodi ilipigwa kwa mama yao. Dada yake alifungua, akamtazama mgeni kuanzia viatu hadi miwani, akaita ndani: "Mwenye kalamu nyekundu amefika!"

Dada Pasi alitoka na gauni mkononi, lile alilokuwa akilikunja. Walisimama barazani kwa sababu hakumkaribisha ndani.

"Fundi matairi ameniambia unaondoka," Ticha alisema.

"Naondoka."

"Nimekuja kuomba radhi. Sikujua kwamba..." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hapana. Huo ni uongo. Nilijua. Nilipofika sentensi ya tatu nilijua ni mimi."

Gauni lilimshuka mkononi.

"Ulijua, na ukawasomea?"

"Niliogopa. Nilijiambia nikiifanya somo, itakuwa somo. Watu wakicheka, yatakwisha, na mimi sitalazimika kujibu. Nina miaka thelathini na tano, nimewasahihisha watu maneno ya mapenzi mpaka nimezoea kukaa upande wa kusahihisha. Nakupenda. Nimekupenda tangu siku ile ya kaunta."

Ni maneno aliyoyasubiri wiki kumi na moja, na yalipofika aliyasikia vizuri sana. Alitaka kumshika mkono. Alitaka pia kumpiga na gauni.

"Ungekuwa hukujua ningekusamehe hapa hapa," alisema. "Lakini ulijua. Mimi nimechekwa na darasa zima kwa kusema kweli. Wewe unaniambia barazani, peke yetu, hakuna anayesikia."

"Dada yako anasikia. Yuko nyuma ya mlango."

"Naondoka, Ticha," alirudia, japo midomo ilitaka kucheka. "Mkataba nimesaini."

Aliondoka kweli. Kazi mpya ilimfaa, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Kaunta ilikuwa ya kioo, alivaa blauzi nyeupe na sketi ya kijivu, na wageni walimzoea ndani ya siku tatu. Jioni zilikuwa ndefu. Hakupiga simu, na Ticha naye hakupiga, na hilo la pili lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Jumamosi ya tatu, saa tano asubuhi, foleni ikiwa ya watu sita, simu iliita. Ilikuwa namba ya mama.

"Mwanangu, una nafasi?"

"Nina wateja, mama. Kuna nini?"

"Kuna wageni hapa. Yule mwalimu wako amekuja na mama yake. Amevaa suti. Anasema ana neno, lakini hataki kulisema mpaka na wewe usikie."

Dada Pasi aliegemea kaunta. Mteja wa mbele, mama mwenye mapazia ya kufuliwa, aliona uso wake na kuacha kusogeza mzigo.

"Mpe simu," alisema. Simu ikahama mkono, kisha ikaja sauti aliyoijua. "Ticha?"

"Ndiyo. Nipo."

"Nani yuko hapo?"

"Mama yako. Mama yangu. Dada yako na mumewe. Jirani wawili walioona suti wakanifuata. Fundi matairi na wauguzi nimewaomba mwenyewe waje. Wapishi wako dirishani, ndani hakuna nafasi."

"Simu iko spika?"

"Iko spika tangu mwanzo."

Dada Pasi alisukuma tiketi za wateja pembeni. "Basi sema."

Alimsikia akimeza mate. "Nakupenda na nataka kukuoa. Na siku ile darasani nilijua ni mimi unayenisema, nikajificha. Niliyekosa ni mimi."

Upande wa pili mtu alicheka, bila shaka mpishi, na Ticha hakumjibu wala hakunyamaza. Alirudia yote tangu mwanzo, sasa kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa nyuma, na safari hii hakuna aliyecheka. Kwenye foleni ya dobi pia watu walisogea karibu na kaunta kusikiliza. Mama wa mapazia alikuwa ameshaanza kulia kwa niaba ya watu asiowajua.

"Kazi yangu siachi," Dada Pasi alisema.

"Watu wa kufundisha wako kila mji. Nitahamia huko."

"Umesikia, mama?"

"Tumesikia wote," mama yake alijibu. "Unasemaje, mwanangu? Watu wamesimama."

Alifuta macho kwa mkono wa blauzi nyeupe, kitu ambacho asingemruhusu mteja yeyote kukifanya.

"Nimekubali," alisema. "Wape chai wakae. Na yeye mwambie akitoka hapo apande basi, mimi natoka kazini saa kumi na moja."