Chujio Lililong'aa

Majirani ndio waliompa jina la Kishindo, kwa sababu ya mngurumo wa pikapu yake. Mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake.

Pikapu ilikuwa na injini kubwa ya dizeli yenye turbo, feni ya kuisukumia hewa. Ilivuta tela lenye tangi la maji, kutoka bomba la bondeni hadi nyumba za mlimani, ambako maji ya bomba hayajafika. Kishindo na mdogo wake walipokezana usukani. Mmoja aliendesha asubuhi, mwingine mchana. Mdogo aliitwa Taratibu, kwa kuwa aliendesha kama mtu aliyepakata trei ya mayai.

Barabara ya mlimani ilikuwa ya udongo. Malori ya machimbo ya mawe yaliishuka kutwa nzima. Vumbi lake lilikuwa jembamba kama unga. Liliingia masikioni, liliingia sandukuni, liliingia hata kwenye chakula kilichofunikwa.

Zamani chujio la hewa la pikapu lilikaa ndani ya boksi jeusi lenye mfuniko. Lilikuwa chujio la karatasi, halina sura wala sifa. Kishindo aliona picha za magari ya mashindano, akaingiwa na tamaa. Akanunua chujio la wazi, la pamba, lenye umbo la koni na rangi nyekundu. Akalifunga juu ya injini. Boksi jeusi akalitupa jalalani. Tangu siku hiyo gari lilinguruma kwelikweli, na watu wa mlimani walijua maji yanakuja kabla hawajaliona.

Kila Jumapili Kishindo alifungua boneti mbele ya lango, ili kila apitaye aone. Alilitoa chujio na kulitumbukiza kwenye ndoo ya petroli. Alilisugua kwa brashi. Alilipuliza kwa upepo mkali wa mashine, mpaka likang'aa. Kisha alilirudisha likiwa kavu.

Chujio lilikuja na kichupa cha mafuta ya kulipaka. Kishindo alipiga hesabu zake akaona mafuta yatashika vumbi, chujio litachafuka, na nani atalisifu? Kichupa alimpa mkewe apake bawaba za lango.

Taratibu aliwahi kumuuliza kama mafuta yale hayakuwa na kazi yake.

"Wewe endesha," Kishindo alimjibu akicheka. "Mambo ya injini niachie mimi mkubwa wako."

Miezi ilipita. Gari likaanza kuchoka. Lilikunywa mafuta ya injini kama lina kiu, na moshi wake ukageuka wa buluu. Kishindo hakutafuta sababu mbali. Alinung'unika kwamba mdogo wake hapimi mafuta, na kwamba anapanda mlima kwa gia isiyofaa. Taratibu aliapa kwamba hupima kila asubuhi. Hakusikilizwa.

Mchana mmoja Taratibu alikuwa anapanda na tangi lililojaa. Turbo ililia kama filimbi, halafu ikanyamaza. Nguvu ziliisha palepale. Gari na tela vikaanza kurudi nyuma, kuelekea watu waliokuwa wakipanda kwa miguu. Taratibu alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, akageuza usukani, akalielekeza tela kwenye ukingo wa barabara. Tairi ziligonga ukingo, zikasimama. Hakuna aliyeumia.

Gari lilivutwa hadi bombani. Foleni ya madumu siku hiyo ilikuwa ndefu. Kishindo alifika anahema, akaona gari lake limekufa, na hasira zikampanda. Mbele ya foleni yote alimwambia mdogo wake maneno ambayo watu hawakuyasahau.

"Nimekuachia gari zima, unanirudishia maiti. Weka ufunguo hapo. Na ninyi nyote msikie, atakayempa huyu gari lake, ajue amempa muuaji."

Taratibu aliweka ufunguo juu ya boneti. Akaondoka.

Siku ile ile alihamisha godoro lake kwa rafiki. Alikwenda machimboni kuomba kazi ya udereva. Msimamizi alimtazama, akauliza kama si yeye aliyeua gari la kaka yake. Kazi hakupewa. Basi akaazima mkokoteni, akawa anasukuma madumu ya maji katika mlima uleule aliokuwa akiupanda kwa gari. Kishindo alipoambiwa, alisema mtu huvuna alichopanda.

Gari lenyewe alilipeleka kwa jirani yao, fundi mwanamke aliyeitwa Mama Spana. Gereji yake ilikuwa banda la mabati lenye benchi refu, na benchi halikukosa wateja. Kishindo aliwasimulia wote habari za mdogo wake, huku akionyesha kwa mikono jinsi alivyochanganya gia. Mama Spana alimwacha aseme. Yeye alilegeza klipu, akachomoa bomba linalopeleka hewa kutoka kwenye chujio hadi kwenye turbo. Akazungushia kidole kitambaa cheupe, akapangusa ndani ya bomba.

Kitambaa kilitoka cha kijivu, kimejaa vumbi.

Akamwita Kishindo karibu. "Hapa ni nyuma ya chujio," alisema. "Hapa vumbi halina ruhusa ya kufika. Panatakiwa pawe safi kama sahani ya kulia."

Kisha alimwonyesha mapanga ya turbo. Kingo zake zilikuwa zimelika, kama biskuti iliyotafunwa na panya. Alimweleza polepole. Injini inapumua kama mtu, ila inavuta hewa nyingi mno. Vumbi likipita chujio, linakuwa msasa. Linakula mapanga ya turbo. Linakwaruza silinda na kulegeza ringi za pistoni. Ringi zikilegea, mafuta ya injini yanapenya na kuungua. Ndiyo maana mafuta yalipungua, na ndiyo maana moshi ulikuwa wa buluu.

"Gia mbaya haileti vumbi humu ndani," alisema. "Chujio hili analiosha nani?"

 Kishindo alitazama viatu vyake. Jina la mdogo wake lilimjia mdomoni, likafika hadi kwenye meno. Ingekuwa rahisi kulitema. Alilimeza.

"Mimi."

"Unaliosha kwa kitu gani?"

"Petroli. Na brashi."

"Mafuta yake unapaka?"

 "Yalipakwa bawaba za lango."

Mzee mmoja kwenye benchi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Mama Spana hakucheka. "Basi lango lenu lina afya kuliko injini yenu," alisema.

Kishindo alimwomba apunguze sauti kidogo, watu wanasikia.

"Ulipokuwa unamsema mdogo wako ulipunguza?"

 Kishindo alisimama kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni, na fundi akaendelea kumfundisha kwa sauti ileile.

Chujio la pamba, alisema, halikamati vumbi jembamba likiwa kavu. Mafuta ndiyo yanayolinasa. Likikutwa na wekundu wa mafuta na uchafu kidogo, lisidharauliwe, kwa kuwa liko kazini. Halioshwi kila wiki kama shati la sherehe. Linakaguliwa mara kwa mara, na kuoshwa likichafuka kweli. Linaoshwa kwa sabuni yake au sabuni laini, na maji ya baridi. Maji yanamiminwa kutoka ndani kwenda nje, ili uchafu utoke kule ulikoingilia. Petroli inaharibu mpira wake. Brashi ngumu na upepo mkali vinatanua nyuzi, na vumbi linapata mlango. Likishaoshwa linaachwa kivulini likauke lenyewe. Ndipo linapakwa mafuta yake maalumu, kidogo, mpaka rangi ienee. Mafuta yakizidi, yanavutwa ndani na kuchafua sensa, kifaa kinachopima hewa inayoingia, na gari linakosa nguvu kwa njia nyingine.

"La karatasi je?" Kishindo aliuliza kwa sauti ndogo.

"La karatasi halioshwi kabisa. Likichoka unaweka jipya. Na kwa vumbi la barabara yetu, karatasi nzuri ndani ya boksi lililofungwa vizuri ingekutosha."

"Lakini hili la wazi linaongeza nguvu, Mama. Hata mlio ulibadilika."

"Mlio ndio uliobadilika. Liko wazi juu ya injini, linavuta hewa ya moto. Hewa ya moto ni nyepesi, injini inashiba nusu. Boksi ulilotupa lilivuta hewa ya baridi kutoka pembeni ya gari. Umenunua kelele, kijana, ukadhani ni nguvu."

Kishindo alirudi nyumbani kwa uchochoro wa nyuma, asipite mbele ya watu. Njiani alimwona Taratibu kwa mbali, mgongo umepinda nyuma ya mkokoteni. Alijibanza ukutani mpaka mdogo wake akapita. Kitendo hicho kilimwaibisha kuliko yote ya gereji. Yeye, mkubwa, kumkimbia mdogo wake wa tumbo moja.

Alimwambia mkewe yote. Kisha akatoa mpango wake. Gari likipona, atampelekea Taratibu ufunguo kimyakimya, na mambo yaishe kifamilia.

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

"Shemeji amenyimwa kazi kwa neno lako," alisema. "Tusi ulilitangaza bombani. Radhi unataka kuinong'oneza jikoni?"

Asubuhi Kishindo alikwenda bombani kwa miguu. Foleni ilikuwa ileile, na Taratibu alikuwa ndani yake na mkokoteni wake. Kishindo alisimama mbele yao.  Alianza kusema kwamba kuna jambo, kwamba siku ile, kwamba yeye na ndugu yake.

Mama mmoja wa nyuma alimkatiza. "Baba, siku ile tulikusikia mpaka mkiani huku. Leo mbona unaongea na kola ya shati?"

Watu walicheka. Kishindo aliwaacha wacheke. Kisha akapaza sauti.

"Gari nililiua mimi. Nililiosha chujio kwa petroli, nikaliacha kavu ili ling'ae, vumbi likala injini. Mdogo wangu hakukosea. Gari liliporudi nyuma, yeye ndiye aliyelizuia lisiwaponde watu. Nami nikamwita muuaji. Taratibu, nimekukosea. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka tena. Taratibu alisubiri dumu lake lijae. Akalifunga kifuniko. Akalipandisha kwenye mkokoteni.

"Machimboni umewaambia?"

"Bado."

"Basi twende."

Walikwenda. Machimboni kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu madereva wale walikuwa wakimvulia Kishindo kofia. Alisema tena yote, mwanzo hadi mwisho, bawaba za lango zikiwemo. Msimamizi alimgeukia Taratibu akamwambia lori lipo, akitaka aje. Taratibu alishukuru, akasema atafikiri. Alitaka kwanza asikie hayo, kwamba anaweza kuchagua.

Alichagua pikapu, kwa sharti moja. Neno lake kuhusu injini lisikilizwe kama la mkubwa wake.

Matengenezo yalikula muda mrefu, na wakati huo Kishindo naye alisukuma mkokoteni. Mama Spana aliwafungia turbo na ringi mpya. Walitafuta boksi la plastiki kama lile la kwanza, wakarudisha chujio la karatasi. Kila wiki wanakagua mfuniko kama umekaa sawa na klipu kama zimekaza, kwa maana hata chujio bora halifai kitu ikiwa bomba linavuta hewa kwenye ufa. Kisha wanapangusa ndani ya bomba kwa kitambaa cheupe. Kitambaa hutoka cheupe.

Gari sasa linapanda mlima na tangi limejaa, na moshi wake hauonekani. Halingurumi. Maji yanafika mlimani, na watu hushtuka tu kuona tangi limeshafika mlangoni.

Juzi dereva mmoja kijana alikuja na pikapu mpya, anataka aelekezwe linapouzwa chujio jekundu la koni. Kishindo alimkalisha akamweleza habari za vumbi, mafuta na hewa ya moto. Kijana alimsikiliza nusunusu, kisha akauliza injini ya pikapu yao iliharibiwa na nani hasa.

Kishindo angeweza kusema iliharibiwa na vumbi, asiwe muongo. Alimtazama mdogo wake, aliyekuwa amelala chini ya tela akikaza nati.

"Niliiharibu mimi," alisema, "nikamsingizia yule pale."

"Mbele ya foleni nzima," Taratibu alidakia kutoka chini ya tela. "Usiifupishe. Nipe spana ya kumi na tisa."

Kishindo alimpa spana, akamgeukia kijana, akaanza upya tangu Jumapili ya kwanza.