Presha ya Gari la Marehemu

Oili ilikuwa inapungua, na chini ya gari palikuwa pakavu. Zabroni aliinama, akapitisha kiganja kwenye sakafu ya gereji yake pale Masasi, akakinusa. Vumbi tupu. Alikuwa fundi wa siku nyingi, si mtu wa kutishwa na tone la oili wala na kukosekana kwake. Akacheka, akajaza nyingine.

Na kweli sababu ilikuwepo. Gari lilikuwa la michezo, la Kijapani, jekundu, la chini hata ukiingia unajiona umeketi mkekani, na injini yake ilikuwa ile ya rota. Haina pistoni. Ndani mna vipande viwili vya pembetatu vinavyozunguka, na injini yenyewe hujinyunyizia oili ili vipande hivyo visisagike. Kwa hiyo oili kuliwa si ajabu. Kilichomsumbua ni geji. Gari likipata moto, mshale wa presha ya oili ulishuka hadi chini kabisa, ukabaki hapo ukitetemeka. Alibadilisha filta, ukashuka. Alibadilisha sensa, ukashuka vilevile.

"Hilo gari linakunywa kuliko wewe," alimtania Khalidi, Mmakonde wa Newala aliyekuwa akiuza vipuri jirani na gereji.

Gari hilo Zabroni hakulinunua. Lilikuwa la Fortunatus, kijana wa Kitangari aliyerudi nalo kutoka mjini akiwa amenawiri kwa utajiri ambao hakuna aliyejua ulikotoka. Haukupita muda akakutwa mchana kweupe amekaa ndani yake, mikono kwenye usukani, amekufa, ngozi imempauka kama iliyokamuliwa. Watu wakasema ni presha, presha ilimshuka.

Zabroni alikwenda kuzika. Yeye Mmakua, marehemu Mmakonde, yaani watani, na mtani msibani ana kazi yake. Wengine wakilia yeye hutania, huzuia jeneza lisitoke, hudai vitu vya marehemu. Na alichodai mtani msibani hanyimwi, wala akishakichukua hakirudishi. Basi Zabroni akajipaka majivu usoni, akajilaza juu ya boneti na kupiga kelele: "Hili langu! Nyie mtalilisha nini? Nipeni mimi, litakula kwangu, mke wangu ndiye atakayelilisha!"

Watu walicheka huku wakifuta machozi. Mama wa marehemu hakucheka. Aliufungua upindo wa khanga, akatoa ufunguo na kumtia mkononi upesi, kama mtu anayetua kaa la moto.

Wiki hizohizo Yuliana, mkewe, akaanza kuchoka. Alikuwa mwanamke wa kubeba ndoo mbili za maji na bado akapiga soga njiani. Sasa akisimama kizunguzungu kinamkamata. Zahanati walimfunga mkanda mkononi, muuguzi akatazama kipimo, akakunja uso.

"Presha iko chini, mama. Unakula kweli?"

"Nakula, dada. Nakula hata chakula cha mwanangu Nancy."

Halafu ile harufu. Usiku wa kwanza alipoisikia alidhani ni mumewe.

"Baba Nancy, unapanda kitandani na oili mwilini?"

"Nimeoga, mke wangu." Akajinusa kwapa, akanusa mto. Harufu ya oili iliyoungua ilikuwa inatoka kwenye nywele za Yuliana. Hakumwambia. Alimvuta karibu, akalala macho wazi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akamwogopa mtu aliyempenda.

Lakini fundi ni fundi. Kesho yake alirudi kwenye injini. Alifungua kava ya mbele, kwa kuwa aliwahi kuambiwa kwamba injini hizi zina kioringi, kipete kidogo cha mpira, pale kinachokatika na kuvujisha presha ndani kwa ndani, bila tone kudondoka nje. Alikikuta kizima, akakibadilisha hata hivyo. Pampu nayo ilikuwa nzima. Mwisho akafunga geji nyingine, ile ya kuchomeka moja kwa moja kwenye injini, isiyojua kudanganya. Jumapili, baada ya kanisa, akalipeleka gari nyumbani apime presha kwa utulivu.

Yuliana alikuwa amekaa mlangoni akimenya mihogo, kisu kikimlegea mkononi. Zabroni aliwasha injini, mshale ukapanda, naye Yuliana akanyoosha mgongo na kuanza kuimba wimbo wa ibadani kwa sauti ambayo hakuwa nayo tangu aanze kuumwa. Zabroni akafurahi. Akapiga resi kidogo, mshale ukaruka juu, na Yuliana akaimba kwa nguvu, haraka kupita kawaida ya wimbo, mashavu yakimwiva. Akaachia. Sauti ikashuka. Hapo Zabroni alikuwa ameshaelewa ila hakutaka kuelewa, na kwa ule ukaidi wa fundi anayetaka kuhakikisha, akazungusha ufunguo akazima, mshale ukaanguka kwenye sifuri, kisu kikaanguka sakafuni, na mkewe akaanguka juu ya mihogo aliyokuwa akiimenya, midomo imekuwa ya majivu, na katika ukimya ule, ndani ya injini iliyozimwa, kitu kikameza.

Aliwasha. Yuliana akavuta pumzi.

"Nini kimetokea?" akanong'ona.

"Nyamaza, mama. Nyamaza tu, usiongee," Zabroni alisema huku analia. "Injini haizimwi tena."

Alimpakia, akamwacha Nancy kwa jirani, akashika njia ya Newala kwenda Chilangala, kwa Bi Stamili, mganga ambaye shangazi wa Yuliana alimtaja mara nyingi na Zabroni, mwana wa kanisa, akamcheka mara zote. Petroli aliongezewa gari likiunguruma. Pale barabara inapoanza kuupanda uwanda wa juu, hofu yake ikawa nyingine kabisa, maana kila fundi anajua kwamba kwenye mlima injini hupata moto, oili ikipata moto huwa nyepesi, na ikiwa nyepesi presha hushuka. Akawa anapanda jicho moja barabarani na jingine kwenye mshale, mshale unalala, kichwa cha Yuliana kinalala, anasimama kando kupooza injini bila kuizima, anaongeza oili, anapanda tena, na ile harufu imejaa mpaka hajui kama inatoka kwenye boneti au kwenye pumzi za mkewe, na kila anaposema "Yuliana" anayeitika anaitika kwa sauti inayozidi kukwaruza.

Walifika jua linazama. Bi Stamili alitoka uani na ungo wa korosho, mwanamke mnene, mchangamfu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Zima gari tusikilizane."

"Likizimwa anakufa."

Bi Stamili akaweka ungo chini. Alimnusa Yuliana shingoni, akapaka unga mweupe kwenye paji la uso wake, akauliza taratibu, "Wewe uliyeingia humu, nani?"

Yuliana alifumbua macho. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya chini, ikiunguruma sambamba na injini.

"Sikuingia. Nilikaribishwa."

"Na nani?"

"Mtani. Alisema nitakula kwake. Alisema mkewe atanilisha." Midomo ikatabasamu, na utelezi mweusi wa oili ukashuka kidevuni.

Bi Stamili alimvuta Zabroni pembeni. "Hawa si mahoka, mizimu ya kwao Fortunatus. Mahoka ningewatuliza kwa unga na maneno. Hili ni jini la kununuliwa, la utajiri, na marehemu alishindwa kulilisha. Wewe ukalibeba kwa mdomo wako."

"Ulikuwa utani, bibi!"

"Ndiyo maana limeng'ang'ania. Kinachotolewa kwa utani hakirudi. Hata ukilipeleka Kitangari ukalitupa mlangoni kwao, litakufuata." Akapunguza sauti zaidi. "Linatoka kwa njia liliyoingilia. Msibani. Sharti mtani wako alidai mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Halafu litamla yeye?"

Mganga alichukua kitambaa akamfuta Yuliana kidevu.

Asubuhi simu ililia: mzee mmoja wa Kimakua, ndugu wa mbali wa Zabroni, amefariki Nanganga. Zabroni alifurahi. Alifurahi waziwazi, na akajichukia kwa furaha hiyo, lakini alikuwa ameshaketi kwenye usukani.

Alimwacha Yuliana kwa Bi Stamili, akaliegesha gari karibu na turubai la waombolezaji, likiunguruma. Watani wa Kimakonde walikuwa wameshaanza vituko vyao, na miongoni mwao, amevaa sufuria kichwani na majivu usoni, alikuwa Khalidi. Zabroni alitamani awe mwingine yeyote.

Khalidi alipoliona gari, akatupa sufuria na kujilaza juu ya boneti. "Wamakua wezi nyie! Hili gari letu, la Kitangari! Nalichukua! Litalala kwangu, na mama yangu atalipikia!"

Watu walipasuka kwa kicheko. Zabroni akasogea karibu. "Usiseme hivyo, Khalidi. Usilichukue. Litamuua mama yako."

Kicheko kikazidi. Kina mama walipiga vigelegele. Mtani kajibu kama inavyotakiwa. Khalidi mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. "Sikieni mchoyo huyu! Lete ufunguo!"

Zabroni angeweza kumshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, akamwambia kwa sauti nyingine, sauti ambayo Khalidi angeijua kuwa si ya utani. Alijua hivyo wakati ule na alijua siku zote baadaye. Lakini akilini alimwona tena Yuliana juu ya mihogo. Akanyoosha mkono ndani ya gari, akalizima, akauchomoa ufunguo.

"Chukua, mtani."

Simu ikaita. "Baba Nancy," Yuliana alisema, sauti yake mwenyewe, kavu kidogo ya usingizi. "Njaa inaniuma. Bibi ananichekea, nimemaliza ugali wote." Zabroni aliegemea mti wa mkorosho, akalia kwa furaha mbele za watu, nao wakadhani anamlilia mzee.

Baada ya mazishi Khalidi aliingia kwenye gari, akaliwasha. Alitazama dashibodi, akagonga kioo kwa kidole.

"Mtani, hii presha mbona iko chini hivi?"

"Ndivyo zilivyo hizo. Zinakula oili."

"Nitaichungulia kesho. Leo nawahi nyumbani Newala, mama kapiga simu, kizunguzungu kimemkamata ghafla jikoni."

Zabroni alimfungia mlango, akamwambia apande mlima taratibu, injini isipate moto.